Feni ya kutoa mvuke wa petroli kwenye injini ya ndani ya boti: uzoefu wangu Munyonyo

Feni hii naitumia tangu mwaka jana kwenye boti ya kubeba wageni, tukitoka Munyonyo, Kampala, kwenda kisiwa cha Ngamba kwenye Ziwa Victoria. Wenzangu wengi hapa ziwani wana injini za kufunga nyuma, ambazo ziko wazi na upepo unazipiga, kwa hiyo jambo hili haliwasumbui sana. Linamhusu mwenye injini ya petroli iliyofungiwa ndani, chini ya mfuniko. Tuko wachache, na mafundi wanaozijua injini hizi ni wa kutafuta.

Ni feni ya volti 12, mdomo wa inchi 4. Kazi yake ni moja tu, kunyonya hewa ya chini kabisa ya chumba cha injini na kuitema nje ya boti. Nasisitiza chini kabisa, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara 3 hadi 4. Hautoki wote kwa kufungua mfuniko. Unateremka hadi kwenye ngama, pale yanapokusanyika maji machafu na oili, na unatulia hapo. Ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa iliyomo, cheche moja ya stata, mota ya kuwashia injini, inatosha kulipua boti. Na petroli haisubiri jua kali: hutoa mvuke wa kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse mchana wa Kampala. Dizeli huhitaji zaidi ya nyuzi 50, ndiyo maana mwenye dizeli hana haja ya kununua kifaa hiki.

Boti yetu iliundwa Marekani, ambako sheria inadai feni ya namna hii kwenye boti za petroli zenye injini ya ndani zilizotengenezwa kuanzia Agosti 1980. Karibu na ufunguo kuna kibandiko cha onyo: endesha feni dakika 4 kabla ya kuwasha injini, na ukague ngama kama kuna mvuke. Kibandiko kilikuwa kinasomeka vizuri, lakini feni iliyokuja na boti mota yake ilikuwa imekufa zamani.

Muuza vipuri mmoja mjini alitaka kunipa feni ya rejeta ya gari kwa bei ya chini sana. "Mzee, feni ni feni, zote zinavuta hewa." Nikamkatalia, na ningemkatalia hata angenipa bure. Mota ya feni ya gari hutoa cheche ndani yake ikizunguka, na hapa unaipitishia mvuke uleule unaoukimbia. Feni ya boti imeundwa ili cheche za mota zisiufikie mvuke, na lebo yake huonyesha alama ya kiwango hicho, ISO 8846 au SAE J1171. Angalia hiyo kwanza, bei baadaye. Stata na alteneta ni hivyohivyo. Alteneta ya gari inaweza kuingia kwenye boliti zilezile na ikachaji betri vizuri, ndiyo maana watu wanaifunga, na roho huniuma nikiiona kwenye boti inayobeba watoto.

Kwenye ufungaji ndipo pesa yako inapofaa kitu au inapopotea. Feni tuliifunga juu, pakavu, na hozi yake ikashuka hadi chini ya injini. Mdomo wa hozi unatakiwa uwe chini lakini usiguse maji ya ngama, maana ukizama feni haivuti kitu. Fundi wetu, kijana wa Mombasa aliyehamia Ggaba, alikagua hozi yote kwa mkono kabla ya kukaza klempu. "Mzee, ikilegea hapa katikati italaza maji, na feni itanguruma bila kutoa hewa." Akaifunga kwa vishikio hadi ikanyooka. Kisha akashika kipande cha tishu nje, kwenye tundu la kutolea hewa, nikabonyeza swichi. Tishu ikasukumwa nje ikasimama wima. Mpaka leo nakagua hivyohivyo, kwa sababu ngurumo ya feni haithibitishi kwamba hewa inatoka. Hakikisha pia tundu la kuingizia hewa safi upande wa pili halijazibwa na makoti ya kuokolea.

Wakati wa hatari zaidi ni baada ya kujaza mafuta. Abiria wote wanashuka, injini na umeme vinazimwa, mifuniko na madirisha yanafungwa ili mvuke usiingie ndani. Mafuta yakishaingia, na yaliyomwagika yakafutwa, tunafungua kila kitu, feni inazunguka dakika 4 kamili, kisha nainama na kunusa chini karibu na ngama. Harufu ikibaki, hatuwashi, hata wageni wakinung'unika. Feni haizibi hozi ya mafuta iliyopasuka wala kabureta inayovuja. Hapo tunatafuta panapovuja. Pia naiwasha tukienda polepole kwenye gati.

Baadaye tuliongeza kengele ya kugundua mvuke, kihisio chake kikiwa chini lakini juu ya maji. Inafaa, ila hulia hata kwa harufu ya rangi mpya au tina, na kihisio kikilowa kinaharibika. Pua yangu bado ndiyo ninayoitegemea mwisho.

Ubaya wa feni yenyewe ni kelele, ambayo wageni huiuliza kila mara, na hozi kuuzwa peke yake. Swichi yake iwe na fyuzi yake na isitegemee ufunguo wa injini, ili uweze kuiendesha kabla hujagusa ufunguo. Betri haikuchoka hata siku moja kwa ajili yake. Ningeinunua tena bila kufikiria mara mbili. Yangu niliagizia nje, na kwa wanaoagiza, pimeni kwanza mdomo wa tundu la kutolea hewa kwenye boti zenu, maana ziko za inchi 3 pia na hozi zake haziingiliani.