Kimashine cha kupima hewa ukaa: chumbani kiko safi sana, ila mapafu yako hakiyawezi

Nimekaa na hiki kitu tangu kaskazi ianze kuvuma so sasa naweza kusema. Ni kile kiboksi cheupe cha kuweka mezani, chapima hewa ukaa, joto na unyevu, nlichukua hapa mjini Mombasa alfu sita na kitu.

Nje barazani chasoma 420 na kitu, hizo ni sehemu kwa milioni, yaani asilimia 0.04 hivi, ndo hewa ya dunia ilivyo siku hizi (1958 walipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, ilikuwa kama 315). Sasa kipulizie pumzi uone. Namba zapanda mbio mpaka 5000 halafu skrini yaandika HI, yaani imezidi kipimo, basi, ndo mwisho wake. Usikirudishe dukani ukidhani kibovu! Pumzi tunayotoa ina hewa ukaa karibu asilimia 4, kwa namba zake ni 40,000, mara mia ya hewa ya nje. Na huko ndani kabisa kwenye vile vifuko vya mapafu ni zaidi, yafika 5 na kitu, na oksijeni ambayo nje ni 21 huko imeshuka mpaka 13 au 14. Ikitoka nje yasoma 16 kwa vile yachanganyika na ile iliyobaki kooni na kwenye mirija, kama mililita 150, ambayo haikufika popote, yatoka vile vile ilivoingia. Kwa hivyo wale wasemao binadamu hutoa hewa ukaa tupu wapunguze, hiyo 16 ndo yamfaa mtu aliyezama pale ufuoni Pirates akipuliziwa mdomoni.

Na kingine, hewa ya mapafuni haibadilishwi yote kila ukivuta. Ukishatoa pumzi ya kawaida bado lita 2 na nusu hivi zimebaki ndani na pumzi moja ni nusu lita tu, ndo maana huko ndani mambo yametulia, hayapandi na kushuka ovyo. Kupima hiyo hewa ya mapafuni ni kazi ya mashine za hospitali, zile za chumba cha upasuaji.

Unyevu nao. Mapafuni hewa imejaa mvuke kabisa kwa joto la 37, kama asilimia 6 ya hewa yote, na hapa kwetu kwa hili joto hewa ya nje ishafika 3 hivi kabla haijaingia puani. Nenda Limuru kwenye baridi asubuhi uone watu wakiongea moshi wawatoka mdomoni, Mombasa utangoja sana.

Kazi yake hasa ni chumbani. Watu watatu mkilala madirisha yamefungwa kwa sababu ya AC, alfajiri chasoma 2000 na zaidi, maana AC ya ukutani yazungusha hewa ile ile mliyokwisha kuipumua, haileti mpya. Halafu mwaamka vichwa vizito mwasingizia jini. Fungua dirisha upepo uingie, dakika chache tu namba zishashuka.

Zile za alfu moja unusu msiguse, nyingi hazipimi hewa ukaa, zanusa harufu na kukisia. Tafuta iloandikwa NDIR, hiyo yatumia mwanga wa infraredi. Ukiwa dukani mwambie ami akiwashe, pulizia manukato karibu, namba zikiruka ni feki. Ila usijaribu kwa udi, makaa ya chetezo yatoa hewa ukaa ya kweli, hata kizima kitapanda.

Ubaya wake, chaji haikai, bila kebo hakimalizi usiku. Na chajirekebisha chenyewe kwa kudhani ile namba ya chini kabisa ya wiki ndo hewa ya nje, kwa hivyo ukikifungia chumbani tu kitaanza kukudanganya, lazima ukitoe barazani mara kwa mara. Kijitabu chake nacho Kichina kitupu, hayo yote nlijitafutia mwenyewe. Waranti pia hakuna. Nyota nne, hiyo moja ni ya chaji.