Maziwa yasiyo na laktosi: kwangu yamefaa, mtoto wa dada yalimpeleka hospitali

Huu ni mwezi wa nne natumia haya maziwa, nimeshajaribu ya kampuni mbili, yale ya boksi la lita moja yanayopangwa rafu moja na ya soya kwenye masupamaketi ya hapa Dar. Nataka niyaongelee vizuri kwa sababu yamenisaidia sana mimi na yakamuumiza mtoto, tena ndani ya nyumba hiyohiyo.

Nianze na mimi. Nimekulia Iringa, kule asubuhi bila chai ya maziwa hujaamka. Ila toka nimevuka miaka ishirini na tano, nikinywa kikombe nyumbani, nikifika ofisini tumbo linaunguruma, linajaa gesi, mara naenda chooni mara tatu kabla ya saa tano. Nilijua vidonda vya tumbo, nimekunywa dawa za vidonda mpaka basi, ndo daktari mmoja akaniambia hebu acha maziwa wiki mbili tuone. Nikaacha, tumbo kimya kabisa. Kumbe shida ni laktosi, yaani ile sukari ya asili ya kwenye maziwa. Utumbo mdogo unatakiwa utoe kimeng'enya kinaitwa laktasi cha kuikata hiyo sukari, na kwa watu wengi duniani kinapungua ukishatoka utotoni, kwa hiyo sukari inateremka nzima nzima hadi utumbo mpana, bakteria wa kule wanaichachusha, hapo ndo gesi na kuharisha. (Wapo ambao hakiwapungui. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, wakakuta kwenye jamii za wafugaji kuna mabadiliko ya vinasaba yanayofanya laktasi iendelee ukubwani, na ni tofauti na yale ya Wazungu. Mwenzangu wa ofisini ni Mmasai, anamaliza nusu lita na hata hajui naongelea nini.)

Sasa haya maziwa, wanachofanya kiwandani wanatia hiyo laktasi humohumo, sukari inakatwa kuwa glukosi na galaktosi kabla hujayanywa. Ndo maana ni matamu kuliko ya kawaida wakati hawajaongeza sukari yoyote, mimi kwenye chai nilikuwa naweka vijiko viwili saivi naweka kimoja. Rangi imekolea kidogo kama krimu. Kwenye sufuria yanachemka na kuumuka kama maziwa yoyote, tangawizi naweka mwishoni yakishachemka na hayajawahi kukatika. Tumbo halijaniuma hata siku moja. Kasoro ni bei, nalipa karibu mara mbili ya maziwa ya kawaida, na ukishafungua boksi lazima likae kwenye friji uyamalize ndani ya siku chache. Hela ikikata nanunua mtindi, ule bakteria wake wameshakula sehemu ya laktosi, kikombe kimoja napitisha bila shida.

Kwa matumizi yangu nayapa nyota nne. Ila subirini.

Dada yangu ana mtoto wa mwaka na nusu mwenye mzio wa maziwa, sio hii ya kwangu, mzio kabisa. Kwa mtoto kinachosumbua sio sukari, ni protini, kinga ya mwili inaiona protini ya maziwa kama adui inaishambulia. Dada alikuja kwangu, akaenda duka moja (jina naliacha) akamuuliza muuzaji, kaka mtoto wangu maziwa yanamdhuru nimpe yapi, yule kaka akamtolea boksi hili hili, "haya dada hayana shida, ni ya watu wasiotumia maziwa." Vijiko viwili tu vya uji. Nilikuwa nimempakata mimi mwenyewe, nikaona midomo inavimba, vipele vyekundu kutoka shavuni mpaka shingoni, akaanza kukohoa na pumzi inakoroma. Tulichukua bajaji hadi hospitali, wakamchoma sindano ya adrenalini, tukalala huko tunaangaliwa. Namshukuru Mungu alipona, lakini ule mkoromo bado nausikia.

Jamani, maziwa yasiyo na laktosi ni maziwa ya ng'ombe, protini zote zipo, kasini ipo, whey ipo. Na ya mbuzi usidhani ni salama, daktari alitwambia protini zake zinafanana sana na za ng'ombe, watoto wengi wenye mzio zinawadhuru vilevile. Nililigeuza lile boksi usiku ule, mbele wameandika kwa herufi kubwa kuwa hayana laktosi, ubavuni kwa viherufi vidogo ndo wameandika maziwa ya ng'ombe. Wenye maduka naomba sana msiyapange na ya soya, mama mwenye mtoto mgongoni hana muda wa kusoma ubavu wa boksi.

Nyota moja nayakata kwa hilo, zimebaki tatu. Bado nayanunua. Mtoto daktari alimwandikia ya soya yaliyoongezwa kalsiamu, na wakija kwangu boksi lake naliandika jina kwa maka peni nyekundu, linakaa rafu ya juu ya friji, langu linakaa chini mlangoni, na kijiko chake hakichanganywi na vyetu.