Muvi kumi na moja za mzee wa Hatari!, nilivyozipima

Nimetoa shilingi 5,500 kwa muvi kumi na moja, mia tano mia tano, kwa kijana anayejaza flashi karibu na soko la Kilombero. Nilimwambia nataka za mtu mmoja tu, yule aliyetengeneza Hatari! hapa kwetu Arusha. Akaniuliza, "Steringi ni nani, mzee?" Nikamjibu steringi simtaki, namtaka dairekta. Akanitazama kama mtu aliyeingia buchani akaulizia jina la mchinjaji.

Anaitwa Howard Hawks, Mmarekani, alizaliwa 1896 na kufariki 1977. Nimeendesha watalii miaka ishirini na sita, na karibu kila mzungu mwenye mvi niliyempeleka Momella, kule Hifadhi ya Arusha, aliniuliza habari za hiyo filamu. Nilikuwa najibu kwa maneno ya kuokoteza. Sasa nimestaafu, goti limekataa klachi, muda ninao.

Mzee Hawks alikuwa na kipimo chake: filamu nzuri ni ile yenye vipande vitatu vizuri na isiwe na kibaya hata kimoja. Basi nimempima kwa kipimo hichohicho.

Nianze na ya nyumbani, Hatari!, ya watu wanaokamata wanyama wa porini. Ilipigwa Tanganyika ikielekea uhuru wa Desemba 1961, ikatoka 1962. Inaanza na faru, na waliomfukuza ni waigizaji wenyewe. Steringi John Wayne amekalishwa kwenye kiti kilichofungwa mbele juu ya madigadi ya lori, mkononi ana mti mrefu wenye kitanzi. Lile vumbi nalijua. Ukiwa nyuma ya mnyama anayekimbia, shimo la mhanga huwezi kuliona mpaka tairi limeshaingia, na yule Mjerumani wa gari dogo, Hardy Krüger, anakata kona kama mtu aliyezaliwa na usukani. Baada ya hapo alinunua shamba Momella akaishi miaka kadhaa, wala simshangai. Ongeza watoto wa tembo wanaooga kwa muziki wa Henry Mancini, halafu haohao wakitimka mitaani mjini, vitatu vimetimia na chenji inabaki.

Lakini ni dakika 157! Kila wakirudi kambini, filamu inazima injini. Nani anampenda nani, nani kanuna, piano, vinywaji. Halafu sisi wenyeji tumo kama miti ya njiani: kushika kamba, kucheza ngoma, kumwita dada wa watu Mama Tembo. Mke wangu alivumilia mpaka katikati, akasema, "Baba Neema, na sisi tunaongea saa ngapi?"

Hapo nikaanza kumwelewa huyu bwana. Akiwa na watu wenye kazi mkononi, kazi inayoweza kuwaua, hakuna wa kumfikia. Kazi ikiisha anapiga resi gari likiwa limesimama.

Red River ya 1948 niliitazama na shemeji yangu wa Monduli, mtu wa ng'ombe. Ni safari ya kuswaga maelfu ya ng'ombe kutoka Texas hadi Kansas. Saa nzima shemeji hakutia neno. Usiku mmoja mchungaji anadokoa sukari, anaangusha masufuria, kundi zima linatimka na mtu anakufa. Shemeji akapiga goti: "Si nilisema? Tangu alipoanza kulamba nilimjua." Lakini mwisho wake jamani! Mtu na kijana aliyemlea wameviziana nusu ya filamu, mmoja ameapa kuua, wanakutana, wanatwangana, anatokea binti na bastola anawagombeza, wanacheka. Shemeji alikasirika kweli. Kesi ile, alisema, ilitaka kikao cha wazee na ng'ombe wa faini.

The Big Sleep ya 1946, ya upelelezi, imenigusa kidereva. Gari linavutwa kutoka baharini, dereva wa familia amefia ndani. Nani kamuua? Filamu inapita tu. Inasimuliwa kwamba walimuuliza Raymond Chandler mwenyewe, mwandishi wa riwaya yake, naye hajui. Matajiri wote wamepatiwa majibu, dereva basi tena. Pamoja na hayo niliitazama mara mbili.

His Girl Friday wanaongea wote kwa mpigo kama makonda wa stendi. Kiingereza changu cha kazini kiliishia dakika ya kumi, ila mjukuu alicheka. Bringing Up Baby ina chui anayetulizwa kwa wimbo. Sitoi maoni.

Land of the Pharaohs ya 1955 ni mzigo. Hawks alikiri kwamba hakujua farao anaongeaje, na masikio yanakubali. Kipande kimoja tu nilikirudisha nyuma: mchanga unamwagika, mawe yanashuka taratibu, kaburi linajifunga lenyewe. Unaona? Palipo na ufundi anaamka.

Kisha akapumzika miaka kadhaa akarudi na Rio Bravo, ya makauboi, 1959. Dakika za mwanzo hakuna anayesema neno, mlevi anatupiwa sarafu kwenye chombo cha kutemea mate, na umeshajua kila kitu. Hii haina kibaya. Tatizo aliipenda mno. El Dorado ni njia ileile, mlevi amehamishiwa kofia ya polisi. Rio Lobo ya 1970, ya mwisho, ni njia ileile tena na dereva amesinzia. Nawajua madereva hao: Tarangire, Manyara, Ngorongoro, na vichekesho vilevile kwenye kona zilezile. Ya mashindano ya magari, Red Line 7000, niliingoja kwa hamu kuliko zote. Nimeifuta.

Kuhusu huduma: Scarface niliagiza ya 1932, nikakuta ya Al Pacino ya 1983. Kijana alinibadilishia bila kunidai, ila akanishauri nibaki na ile ya Al Pacino, "ina rangi, mzee".

Flashi sasa haipo. Shemeji ameondoka nayo Monduli, wakaone ya ng'ombe na sukari. Nimemwambia akiona binti ametoa bastola, azime.