Mafuta ya samaki ya chupa, miezi mitatu kwa mwanangu

Wazazi wenzangu, kijana wangu ana miaka 8, ana ADHD (ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kuwa makini), nikamnunulia mafuta ya samaki ya maji yenye ladha ya chungwa duka la dawa hapa Dar. Ladha imemkubali, na kwa mtoto ambaye chakula kikiwa na mlendamlenda tu anatapika, hilo kwangu ni kubwa sana. Ila muuzaji aliniambia niache vidonge vyake vya methylphenidate, dawa yake ya ADHD, nitumie haya tu, hapo nilikasirika kwa kweli, maana omega-3, yale mafuta yaliyomo kwenye samaki, inasaidia kidogo sana kama inasaidia, haichukui nafasi ya dawa.

Daktari wake alisoma lebo kwanza, akaniambia nisizidishe kipimo, haya ni ya ini la samaki yana vitamini A, ikizidi inadhuru.

Utulivu shuleni sijaona tofauti. Kilichosaidia ni ratiba: uji mzito wa karanga na mayai kwanza, ndo kidonge, kwa sababu kile kidonge kinakata hamu ya kula mchana kutwa, jioni ikirudi anakula wali na dagaa vizuri tu. Chupa ikiisha sinunui nyingine, dagaa wana omega-3 hiyohiyo.