TAHADHARI: Fundi bodi wa hadtopu Arusha anayebaki na milango yako orijino

Wakuu wenye Land Cruiser hadtopu, hasa nyie wa utalii mnaotaka kubadilisha vioo na milango ya nyuma kabla sizoni haijachanganya Juni, someni hii kwanza kabla hamjatuma hela ya mtu. Kuna jamaa anapost picha za 78 (hadtopu zenyewe hizo) zilizotengenezwa zikatulia haswa, vioo vikubwa vya pembeni vya kuslaidi, vingine vile vya kufungukia juu na shoki za gesi, nyuma ngazi na kibebeo cha dumu, na ukimpigia anaongea kistaarabu mpaka unaona aibu kumuomba risiti. Jina silitaji, kesi iko polisi, na isitoshe ukurasa wake ameshaubadilisha jina kwa hiyo hata ningelitaja lisingekusaidia. Shika staili yake.

Kwanza bei hagombani na wewe. Unashusha, anakubali, halafu anataka asilimia 70 advansi kwa maelezo kwamba vioo vinatoka Afrika Kusini na mzigo unafungwa wiki hii hii. Gari ikishaingia, kitu cha kwanza anachofungua ni milango ya nyuma na vioo vya zamani, wakati hivyo vipya hata boda havijavuka!! Ukiuliza anakwambia "kaka milango tunaipeleka kuimarishwa, lazima itoke". Hapo ndipo biashara yake yote ilipo jamani, hizo kelele za vioo vya Afrika Kusini ni chambo tu. Mlango orijino wa hadtopu ambao hauna kutu ni mali, hizi Land Cruiser za toleo la 70 zipo sokoni tangu 1984 na bado zinapiga kazi porini kila siku, kila aliyegongwa nyuma anatafuta mlango wa yuzdi na haulali dukani. Inayoondoka kuimarishwa hairudi, inarudi ya bati.

Gari ya broo, ambayo mimi ndo naisimamia, ilirudi inang'aa kama ya harusi. Ikapelekwa kazini. Ukishapita geti la Loduare la kuingilia Ngorongoro lami imeisha, na ile barabara ya kushuka mpaka Naabi, geti la Serengeti, inavyotetemesha gari mnaijua, dereva akapiga simu kutoka njiani anasema wageni wa siti ya nyuma wameoga vumbi, mmoja anakohoa hakomi na mlango wa upande wa spea tairi unacheza. Gari yenye mgongo bapa kama hadtopu ikikimbia inavuta hewa nyuma yake, raba ikiwa na upenyo hata wa kidole vumbi linaingia lenyewe, na si vumbi tu, moshi wa ekzosi nao unapita humo humo. Kaboni monoksaidi haina harufu, mtu anaona anasinzia tu kwa uchovu wa safari. Mimi hilo ndo lililoniuma kuliko hela.

Tukaipeleka kwa mzee mmoja wa bodi, wa zamani, asiye na ukurasa wowote mtandaoni. Akapitisha sumaku kwenye mlango, juu inashika, chini inaanguka yenyewe, yaani puti tupu, ile ya kujazia mabonde kabla ya rangi, imepakwa juu ya bati lililounganishwa vipande. Bawaba zimechomelewa kwenye bati jembamba bila chuma cha kuongeza nguvu ndani, halafu umening'iniza tairi zima na rimu yake hapo, sasa lisilegee kwa nini. Vioo ndo usiseme. Havina mhuri wowote, ni kioo cha dirisha la nyumba, kile kikipasuka kinatoka vipande virefu kama visu na kuna mgeni ameegemeza kichwa hapo. Na vimebandikwa kwa ile silikoni ya dukani yenye harufu ya siki, asidi yake inakula chuma kisicho na rangi, na jamaa alipokata bodi na grinda hakupiga hata praima kwenye kingo, kwa hiyo kutu ilishaanza chini ya raba kabla gari haijamaliza hata mwezi kazini.

Kwa mnaotaka kufanya hii kazi popote pale, kioo cha gari kina mhuri kwenye kona, herufi E ndani ya duara na 43R, au DOT na AS2 kwa vile vya soko la Marekani. Hakina, usikipokee. Na vile vioo vya pembeni vinavyopasuka punje punje vimepashwa moto vikapozwa ghafla kiwandani, vikishafanyiwa hivyo havikatwi wala havitobolewi, ukikigusa na grinda kinamwagika chote, kwa hiyo fundi akikwambia "kikizidi tutakipunguza kidogo" jua huyo hana kioo cha gari. Sumaku tembea nayo, ni elfu chache tu, ila anza kuijaribu kwenye bodi usiyo na shaka nayo usikie inavyovuta. Mlango kabla haujatoka gereji piga picha ndani na nje, weka alama yako kwa ndani pale ambapo hapapakwi rangi, na muandikishiane kwamba spea za zamani ni zako. Akikataa hilo la mwisho, washa gari uondoke.

Tulipomdai milango alisema "ilikuwa imeoza tumeitupa", milango ambayo picha zake tunazo haina kutu hata chembe. Sasa hivi simu hapokei. RB tunayo. Na milango ndo naitafuta: nyeupe, ila kwa ndani chini ya kapeti bado ina ile kaki ya zamani, wa spea tairi una matundu manne ya boliti za ngazi tuliyoitoa, na umebonyea kidogo karibu na kitasa. Mwenye kuiona Unga Limited, Moshi au hata Dar anitumie picha inbox, na kama umeinunua bila kujua sikuletei ugomvi, nataka tu kujua nani kakuuzia.