Chujio la sponji pacha: sponji ichukue, pampu yake iache dukani

Chujio linalozungumziwa hapa ni lile la sponji mbili nyeusi zilizochomekwa pande mbili za bomba moja la plastiki, linalouzwa kwenye boksi moja na pampu ndogo ya hewa, kipande cha mpira mwembamba na vikombe viwili vya kunata kwenye kioo. Kati ya vichujio vyote ndilo la bei ya chini, na wauzaji wengi hulitaja mwishoni, baada ya kukuonyesha yale ya mota. Kwa anayetaka kuzalisha kamba wadogo wa maji baridi nyumbani, hasa wale wekundu wa aina ya Neocaridina davidi, hili ndilo la kuanza nalo. Ila boksi lina vitu viwili vya ubora tofauti kabisa, na si haki kuvipa alama moja.

Sponji kwanza. Kifaranga wa Neocaridina hutoka kwenye yai akiwa kamba kamili, urefu wa milimita 1 hadi 2, na siku hiyohiyo anaanza kutafuta chakula. Chujio la mota humvuta akapotea, na mfugaji hubaki akishangaa kwa nini majike wanabeba mayai kila mwezi lakini idadi haiongezeki. Sponji haina mvuto wa namna hiyo. Viputo vya hewa hupanda ndani ya bomba, maji huvifuata polepole, taka hunasa, na juu ya sponji huota utando wa vijidudu na mwani ambao kwa vifaranga ni sahani ya chakula isiyoisha. Ukikuta kamba wako wamejazana pale juu, hawajakwama, wanakula. Kabla ya kulipa, kagua matundu ya sponji: yasizidi milimita 1. Ukiweza kuona mwanga wa dirisha kupitia kwenye sponji, iache, hiyo ni ya samaki.

Faida ya kuwa pacha inaonekana siku ya kusafisha. Bakteria wanaogeuza amonia ya kinyesi, ambayo ni sumu kwa kamba, kuwa naitraiti na hatimaye naitreti wanaishi humo ndani. Ukikamua sponji zote mbili kwa pamoja chini ya bomba la maji ya jiji lenye klorini, umewaua wote, na kamba watafuata ndani ya siku chache. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, kamua sponji moja humo mara tatu au nne, irudishe. Nyingine isubiri wiki mbili. Unga wa chakula ndio unaoziba matundu haraka kuliko kinyesi, kwa hiyo anayelisha kwa mkono mzito atasafisha mara nyingi zaidi.

Sponji mpya huelea. Izamishe na kuikamua ndani ya maji mpaka viputo viishe, kisha iache ifanye kazi kwenye tangi lisilo na kamba kwa wiki 4 hadi 6, ukidondosha chakula kidogo kila baada ya siku mbili ili bakteria wapate cha kula. Mwenye haraka aombe maji meusi ya kukamulia sponji kutoka kwa mfugaji mwenye tangi la siku nyingi, ayamwage kwenye lake. Ukiweka kamba siku ya kwanza utapoteza fedha, na chujio halitakuwa na kosa.

Sasa pampu. Hizi za ndani ya boksi zina kiwambo chembamba cha mpira ambacho ndicho kinachosukuma hewa. Kikichoka, viputo hupungua kidogo kidogo bila wewe kugundua, na kelele huongezeka. Lakini kasoro kubwa ni kwamba boksi halina valvu ya njia moja. Umeme ukikatika, na Mwanza hukatika, maji hurudi kwenye mpira mwembamba kama vile mtu anavyonyonya mafuta kwenye dumu, yakaingia ndani ya pampu na kuendelea hadi kwenye soketi na sakafu. Nunua valvu hiyo kando, kishale chake kielekee kwenye tangi, au weka pampu kwenye rafu iliyo juu kuliko usawa wa maji. Fanya yote mawili ukiweza.

Pampu bora kwa hapa ni ile ya waya wa yuesibii yenye nguvu ya wati 1, inayokubali pawabenki. Pawabenki ya mAh 10,000 ikiwa nzima huiendesha karibu siku nzima. Ijaribu kwanza, maana baadhi ya pawabenki hujizima zikiona mzigo ni mdogo. Gharama ya umeme isikutishe: hata pampu ya kawaida ya wati 3 ikiwaka usiku na mchana hula uniti 2 na kidogo kwa mwezi. Ikiwa sponji imekaa zaidi ya nusu siku bila hewa, ikamue kwenye maji ya tangi kabla ya kuwasha, maana uozo uliokusanyika ndani husukumwa wote kwenye maji kwa mkupuo.

Jambo moja halimo kwenye karatasi ya maelekezo ya pampu yoyote, nalo ndilo linaloua kamba wengi katika nyumba za kando ya ziwa: dawa ya mbu. Pampu huvuta hewa ya chumba na kuisukuma ndani ya maji. Ukipuliza dawa ya kopo sebuleni, dakika chache baadaye umewapulizia kamba, na viuadudu vya mbu havibagui, kamba kwao ni mdudu. Samaki wanaweza kupona, kamba hawaponi. Zima pampu, funika tangi kwa nailoni, fungua madirisha baada ya kupuliza, na usiwashe mpaka harufu iishe kabisa. Wakija wapulizaji wa dawa ukoko, ile ya mbu inayopulizwa kwenye kuta, ni heri tangi litoke kwenye chumba hicho.

Wapo wanaolilaumu chujio kwa kosa la maji. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana kalisi kidogo, na mawe ya Mwanza, pamoja na uzuri wake, ni ya itale, hayatoi kalisi hata uyajaze tangi zima. Kamba akikosa madini anashindwa kujivua gamba: utaona pete nyeupe kati ya kichwa na mwili, kisha anakufa. Sponji haiwezi kuliponya hilo. Kwenye tangi la lita 40, gramu 4 za jasi safi na gramu 2 za chumvi ya Epsom huongeza ugumu wa maji, yaani wingi wa madini yaliyomo, kwa digrii 4 hivi. Lengo ni digrii 6 hadi 8. Koroga kwenye ndoo kwanza, uongeze kwa siku tatu. Maganda ya mayai husaidia, ila polepole mno kwa tatizo lililokwisha kuanza. Maji ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku mbili klorini itoke. Maji na mimea ya kuchota ufukweni achana navyo: vinakuja na mabuu ya kereng'ende wanaokula kamba, na konokono wanaobeba kichocho. Hita haihitajiki, joto la ndani ya nyumba za Mwanza linawatosha.

Kwa tangi la sentimita 45 kwa 30 kwa 30, chujio moja linatosha kamba 15 wa kuanzia na uzao wao wa miezi ya mwanzo. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 kwa wiki nne hivi, kwa hiyo ongeza la pili kabla tangi halijajaa. Wakizidi, gawia wafugaji wengine. Ziwani wasitupwe, kule kuna kamba wake, Caridina nilotica, na ziwa limekwisha pokea wageni wa kutosha tangu sangara.

Vile vikombe vya kunata hukakamaa baada ya miezi kadhaa na chujio huanza kuinama. Lifunge kwenye jiwe bapa kwa uzi wa nailoni wa nyavu. Usitumie waya wa shaba, shaba ni sumu kwa kamba.