Darubini ya 12,500: bomba safi, stendi takataka

Hii darubini ya mm 70 nilinunua kwa duka moja hapa Nakuru tauni, nimekaa nayo mwezi mzima ndio niandike bila hasira. Kwanza msidanganywe na boksi, imeandikwa inavuta mara 525, hiyo ni ya kuuza tu, lenzi ya upana huo ukipita mara 140 hivi unaona ukungu. Mimi natumia ile lenzi ndogo ya kuwekea jicho, ya mm 10, inaleta mara 70 na inatosha kabisa.

Niliipeleka kwa shosho kule Njoro juu tauni taa ni mingi. Saa tatu usiku Juni hii, ukiangalia kusini kuna nyota mbili kali kando ya lile kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, yenye inang'aa zaidi ndio Alpha Centauri. Kwa macho ni moja. Kwa darubini haki ni mbili, zimebanana hivi, nilipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakaanza. Ile kubwa ni kama ndugu ya jua letu, uzito mara 1.1, mwanga mara moja na nusu, joto la uso wake kama nyuzi 5,500. Mwenzake anatoa mwanga nusu tu ya jua, yuko kama nyuzi 5,000, ndio maana rangi imeiva kidogo, kama kiini cha yai la kienyeji. Zinazungukana kila miaka 80 hivi, na 2035 zitakaribiana tena, nikamwambia shosho, yeye ana 81, akacheka, "Kwani hiyo imemaliza raundi moja tangu nizaliwe na mimi bado niko hapa nakama ng'ombe?" Na huo mwanga tuliona ulitoka huko miaka minne na kitu iliyopita, nikiwa bado fomu tuu.

Nyota ya tatu ya hapo kwa Alpha Centauri, inaitwa Proxima, ni hafifu sana, mimi sikuiona na hii.

Sasa stendi. Ukigusa tu kurekebisha, nyota zinacheza kama zimelewa, na skrubu moja ya plastiki ilikatika siku ya pili, saa hii nimening'iniza mfuko wa mawe hapo chini ndio itulie. Kurudi dukani jamaa wa kaunta ananiambia ikishatoka hapo si yao. Ukienda kununua, isimamishe hapo hapo mbele yake uitikise kabla utoe pesa.

Tatu kwa tano, moja nimekata ya stendi, ingine ya huyo jamaa.